Pepo Zilipoishia: Kilwa na Hesabu ya Nguvu Zisizokwisha

Husuni Kubwa imesimama juu ya genge, upande wa kaskazini wa Kilwa Kisiwani, ikitazama bahari. Kuta zake za mawe ya matumbawe zimebomoka, lakini mgeni bado anaweza kuhesabu vyumba vinavyozidi mia moja na kuliona birika la pembe nane ambamo watu wa jumba walijipoza. Sultani al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyelijenga jumba hilo, mwanzoni mwa karne ya 14. Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakina mgodi wala mto. Ukiuliza fedha ya kujengea jumba kama lile ilitoka wapi, wengi watakujibu kwamba ilitoka kwenye dhahabu. Jibu hilo ni kweli, ila halijakamilika. Dhahabu ilichimbwa mbali sana na Kilwa. Kilichoileta Kilwa ni upepo, na hasa mahali upepo ulipoishia.

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja huku kwetu. Kuanzia Aprili hadi Septemba, kusi huigeuza njia. Chombo kilichotoka Ghuba ya Uajemi au Gujarati kiliweza kushuka na kaskazi, kikauza, kikapakia, kikarudi na kusi, yote ndani ya mwaka mmoja. Lakini mwaka huo ulikuwa na mpaka wake baharini, na mpaka ulikuwa karibu na Kilwa. Nahodha aliyeng'ang'ania kushuka mpaka Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilifikia pwani, aliweza kuachwa na msimu, akakaa ugenini mwaka mzima akilisha mabaharia wasio na kazi.

Watu wa Kilwa waliiona nafasi hiyo. Wakaenda Sofala wenyewe kwa vyombo vyao, wakaleta dhahabu na pembe, wakaweka ghalani, wakawangoja wageni waje na nguo, shanga na vyombo vya kaure. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na mfanyabiashara mmoja akamweleza kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka pale. Kisha msafiri huyo akapanda chombo, akarudi kaskazini mpaka Dhofar. Ule mwendo wa nusu mwezi, ambao wageni hawakuweza kuumudu ndani ya msimu mmoja, ndio uliojenga Husuni Kubwa.

Pwani hii ya Kilwa na Lindi inatajwa tena siku hizi kwa habari ya nguvu. Kuna gesi chini ya bahari yake, kuna bwawa kubwa kwenye mto ulio kaskazini yake, kuna jua juu yake karibu mwaka mzima, na zile pepo za zamani hazijaacha kuvuma. Watu wanaulizana ni ipi kati ya nishati jadidifu yenye kesho njema, na mara nyingi jibu hutolewa kwa megawati: ipi kubwa, ipi ndogo. Kilwa imeishi kwa nguvu za asili kwa zaidi ya miaka elfu moja, na historia yake inatufundisha kuuliza mengine kabla ya ukubwa.

Nguvu ya bure na gharama ya kungoja

Baharia wa pwani hakuwa na upepo mmoja. Alikuwa na umande unaotoka bara alfajiri, alikuwa na matlai itokayo mashariki, na alikuwa na maleleji, zile wiki zilizo baina ya misimu miwili ambapo upepo hauna mwelekeo na tanga linaning'inia tu mlingotini. Alijua namna ya kubisha ili chombo kipande dhidi ya upepo, na alijua pia siku ambayo kubisha hakuna faida. Upepo haukumlipisha hata senti, lakini ulimlipisha siku. Mji mzima ulipangwa kwa siku hizo: maghala ya kuhifadhi, nyumba za kupangishia wageni waliochelewa, mikopo ya kulipwa msimu ujao.

Nguvu ya pili ya mji ilikuwa kuni, nayo haisimuliwi sana. Chokaa iliyoshikilia kuta za Husuni Kubwa, za Msikiti Mkuu na za mji jirani wa Songo Mnara ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya marundo makubwa ya magogo. Kila ukuta unaopigwa picha leo ulikula msitu. Mikoko ya Kilwa na ya delta ya Rufiji ilikatwa pia kwa ajili ya boriti, na boriti hizo zilisafirishwa kwa karne nyingi hadi Arabuni na Ghuba, ambako hakuna miti mirefu, zikaezekea nyumba za watu huko. Mkoko ukikatwa huota tena, kwa hiyo kwa lugha ya leo nao ni nguvu jadidifu. Lakini huota kwa mwendo wake wenyewe, na mkataji hana budi kuufuata mwendo huo.

Jua lilifanya kazi kimya bila mtu kulihesabu. Lilikausha samaki na pweza, lilikausha nazi zikawa mbata, na kwenye mashamba ya chumvi ya Kilwa na Lindi likayavukiza maji ya bahari mpaka ikabaki chumvi. Kazi hiyo inaendelea hadi leo. Mwenye shamba la chumvi hahitaji kufundishwa kwamba jua ni nishati. Anajua pia kwamba mvua ya masika huyeyusha kazi yake ya wiki nzima kwa usiku mmoja.

Zao lililoamriwa

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliupiga mji wa Kilwa na kujenga ngome. Hawakukaa sana, lakini biashara ya dhahabu haikurudi kama zamani. Karne ya 18 na ya 19 ilileta biashara nyingine, ya watu, na Kilwa Kivinje ikawa mlango ambao watumwa kutoka bara walipitishwa kwenda Unguja na kwingineko. Tunapohesabu nguvu zilizoendesha pwani hii, mikono na mabega ya watu waliofungwa minyororo nayo imo katika hesabu.

Kisha wakaja Wajerumani na pamba. Katika milima ya Umatumbi, ndani ya eneo la Kilwa, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida, kwa malipo duni au bila malipo, wakati mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Julai 1905, huko Nandete, wanaume waling'oa miche ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Havikuanza kwa kuvamia boma. Vilianza kwa kung'oa mmea ulioamriwa kutoka mbali, uliopandwa katika ardhi ya watu kwa faida ya viwanda vya ng'ambo. Msomaji aishike habari hiyo, kwa maana karne moja baadaye mmea mwingine ulikuja Kilwa.

Gesi iliyongoja miaka 30

Mwaka 1974 kampuni ya Kiitaliano ya AGIP, iliyokuwa ikitafuta mafuta, ilikuta gesi asilia katika kisiwa cha Songo Songo. Gesi si nishati jadidifu, ikichomwa imekwisha. Lakini huwezi kusimulia habari ya nguvu za Kilwa ukairuka, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha watu wa huku kutofautisha utajiri ulioko na utajiri unaotumika. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kiwanda cha mbolea, KILAMCO, ambacho kingetumia gesi hiyo. Hakikujengwa. Gesi ililala chini ya matumbawe mpaka mwaka 2004, ilipoanza kusafiri kwa bomba la kilomita 232, sehemu chini ya bahari hadi Somanga na sehemu nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam.

Ikumbukwe nchi ilikuwa katika hali gani. Tanzania ilikuwa imetegemea mabwawa, Kidatu na Mtera yakiwa ya mbele, na kila ukame ulileta mgao wa umeme. Gesi ya Songo Songo ililiokoa taifa lisiangalie mawingu peke yake. Lakini bomba lilipita kando ya vijiji vingi vya Kilwa na Rufiji ambavyo viliendelea kuwasha kibatari na koroboi. Baadaye ulijengwa mtambo mdogo wa gesi Somanga Fungu, wa megawati 7.5, ukawapa umeme watu wa Kilwa na Rufiji. Huko Mtwara, mwaka 2013, hasira juu ya bomba jingine kubwa la kwenda Dar es Salaam iligeuka ghasia. Swali la waandamanaji halikuwa la kiufundi. Waliuliza: kinachotoka kwetu kinatuachia nini?

Mbono kaburi

Karibu na mwaka 2006, mafuta ya petroli yalipokuwa yakipanda bei na Umoja wa Ulaya ukiwa umejiwekea malengo ya kuchanganya mafuta ya mimea katika mafuta ya vyombo vya usafiri, wawekezaji walianza kuitafuta ardhi ya Afrika Mashariki kwa ajili ya mbono kaburi. Wanakijiji wanaujua mmea huu tangu zamani. Mifugo haiugusi, kwa hiyo hupandwa kuwa uzio wa boma, na hupandwa makaburini, ndiko lilikotoka jina lake. Mbegu zake zina sumu na mafuta mengi. Ukasifiwa kwamba unaota katika ardhi kavu isiyofaa kwa chakula, hauhitaji maji mengi, na hivyo hautamnyang'anya mtu mlo wake.

Kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilikuja Kilwa na mpango wa kulima mbono katika makumi ya maelfu ya hekta. Ilipata ardhi ipatayo hekta 34,000 kutoka vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi ya kijiji moja kwa moja. Inabidi kwanza ihaulishwe, yaani ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, ndipo mwekezaji apewe haki ya kuitumia. Fidia ilipitia halmashauri ya wilaya, na mgawanyo wake kati ya wilaya na vijiji ukaacha manung'uniko. Eneo lenyewe halikuwa jangwa. Lilikuwa na miombo na misitu ya pwani, yenye miti ya mbao ambayo ilibidi ikatwe kwanza ili mbono upate nafasi.

Julai 2008 pipa la mafuta lilipita dola 140 katika soko la dunia. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeshuka chini ya dola 40, na mabenki ya Ulaya yalikuwa yakiyumba. Hesabu iliyoufanya mbono uonekane dhahabu ya kijani ikavunjika. Shambani nako mmea ulikuwa ukitoa somo lake: kuishi katika ardhi kavu ni jambo moja, kuzaa ni jingine. Mbono ulistahimili ukame kweli, lakini bila maji na mbolea haukutoa mbegu za kutosha, na unachukua miaka kadhaa kabla ya mavuno ya maana. Mwishoni mwa 2009 kazi Kilwa zilisimama, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Ilikuwa imepanda sehemu ndogo tu ya ardhi iliyoipata. Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilisitisha kwa muda ugawaji wa ardhi mpya kwa miradi ya namna hii.

Vibarua vilikatika, na fedha ilikatika, lakini kilichobaki kizito zaidi ni karatasi. Ardhi ya kijiji ikishahaulishwa, hairudi kijijini yenyewe kwa sababu mwekezaji ameshindwa. Hekta zile zilitoka mikononi mwa vijiji kwa ajili ya zao ambalo halikuvunwa.

Mwaka huo wa 2009, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, jambo jingine lilitokea bila kelele. Misitu inayosimamiwa na vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo la Kilwa. Mpingo ndio mti unaotengenezewa zumari za kizungu na vinyago. Vijiji vilihesabu miti yao, vikaamua ikatwe mingapi kwa mwaka, vikauza magogo kwa bei waliyoijadili wenyewe. Hawakuuza ardhi. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, unapata darasa zima la nishati na mali asili.

Kalamu na karatasi

Tufanye hesabu ambayo mwaka 2006 wachache waliifanya hadharani. Pwani yetu hupokea kutoka kwa jua kiasi cha uniti tano za nishati kwa kila mita ya mraba kwa siku, wakati mwingine zaidi. Mmea huhifadhi chini ya asilimia moja ya nishati hiyo. Sola ya kawaida hugeuza karibu asilimia 20 kuwa umeme.

Chukua hekta moja ya mbono, na uupe ukarimu: itoe tani moja ya mafuta kwa mwaka. Ukiyachoma katika jenereta utapata takriban uniti 3,500. Sasa chukua hekta hiyo hiyo, uifunike kwa sola kwa asilimia 40 tu, sehemu iliyobaki iwe njia na nafasi baina ya mistari. Utapata takriban uniti milioni 1.4 kwa mwaka. Tofauti ni mara 400. Mafuta ambayo yangetoka katika hekta zote 34,000, kama mbono ungekubali, yangeweza kulinganishwa na umeme wa sola katika hekta zisizofika mia moja. Mbono una utetezi wake: mafuta hukaa kwenye pipa, husafiri kwa meli, huendesha lori. Lakini kwa mtu anayetafuta umeme, kugeuza jua kuwa mmea, mmea kuwa mafuta na mafuta kuwa umeme ni kwenda Lindi kutoka Kilwa kwa kupitia Tabora.

Mto na bwawa lake

Kaskazini ya Kilwa uko mto Rufiji. Korongo ambamo mto huo unabanwa na milima liliitwa kwa jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Tangu enzi za ukoloni wahandisi walilitamani. Mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, RUBADA, na Wanorwei wakachora michoro. Gharama zilitisha, wanunuzi wa umeme hawakuwapo, michoro ikawekwa kabatini. Desemba 2018 serikali ilitia saini mkataba na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Desemba 2022 bwawa lilianza kujazwa, Februari 2024 mashine ya kwanza ikaanza kuzalisha, na kufikia Aprili 2025 mashine zote tisa, kila moja ya megawati 235, zilikuwa zimekamilika. Jumla ni megawati 2,115. Wakati huo mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa chini ya megawati 2,000.

Kwa ukubwa, basi, shindano limekwisha: maji yameshinda. Lakini nahodha angeuliza maleleji ya maji ni lini. Tunayajua. Mwishoni mwa 2023 nchi ilikuwa katika mgao tena. Mwaka 2024 Zambia na Zimbabwe, zinazotegemea bwawa la Kariba, zilikaa gizani kwa saa nyingi za siku kwa sababu ya ukame. Bwawa la Rufiji ni jipya na kubwa, lakini maji yake mengine hutoka Ruaha Mkuu, mto ambao umekuwa ukikauka sehemu za juu kwa miezi kila mwaka.

Kuna pia habari ya walio chini ya bwawa. Watu wa Rufiji walilima mlau, kilimo kinachofuata mafuriko: maji yakipungua huacha udongo mbichi wenye rutuba, na mkulima hupanda humo bila mbolea. Delta ya mto huo ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na kamba wa pwani hii hukulia humo, katika maji yaliyochanganyika, matamu na chumvi. Eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Bwawa hushika udongo uliokuwa ukishuka baharini, na hupanga upya wakati wa mafuriko. Aprili 2024 mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti vilizama, na kukazuka mabishano kuhusu mvua na maji yaliyofunguliwa. Mei 4 mwaka huo kimbunga Hidaya kikaipiga pwani, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika mahali kadhaa wilayani Kilwa. Wazee wa Lindi walikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, ya kimbunga cha Aprili 1952.

Kuzipanga safu moja

Tuzipime basi nguvu nyingine kwa kipimo cha baharia.

Upepo una sheria kali: kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwa hiyo tofauti ndogo ya mahali ni tofauti kubwa ya umeme. Ndiyo maana Wakenya walikwenda mbali mpaka kando ya Ziwa Turkana kusimika mitambo 365 yenye megawati 310. Kwetu, megawati 2.4 za Mwenga, Mufindi, zilianza mwaka 2020, na Singida na Makambako ndiko kunakotajwa kwa miradi mikubwa. Pwani ya Kilwa haina kasi ya Turkana, ila ina jambo moja la thamani: kusi hukaza kuanzia Juni, wakati mvua zimekwisha na mito inapungua. Upepo huamka mto unapolala. Wasiwasi wake ni maleleji, na vimbunga kama Hidaya, ambavyo nguzo lazima zijengwe kuvistahimili.

Kupwa na kujaa kwa maji ni saa isiyokosea. Mvuvi wa Songo Songo anajua bamvua ya mwezi ujao itakuwa siku gani. Ufaransa ilijenga mtambo wa aina hiyo huko La Rance, wa megawati 240, tangu mwaka 1966. Lakini huko bahari hupanda na kushuka mita nane kwa wastani, na huku kwetu bamvua huzidi mita tatu kidogo. Nguvu hiyo hupungua kwa mraba wa kimo, kwa hiyo bwawa la ukubwa ule ule huku lingetoa karibu moja ya saba, hata siku za bamvua. Na ili kulipata ingebidi kufunga hori za mikoko ambamo kamba na samaki huzaliana. Haifai.

Jotoardhi haina maleleji kabisa. Mvuke hutoka usiku na mchana, masika na kiangazi. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981, na leo ni nguzo ya gridi yake. Huku kwetu chemchemi za maji moto za Luhoi, upande wa Utete, zimo katika orodha ya maeneo yanayochunguzwa. Ugumu wake ni kwamba inabidi uchimbe kwa fedha nyingi kabla ya kujua umepata nini.

Limebaki jua. Maleleji yake ni ya kila siku: saa moja jioni, wakati familia zinawasha taa na televisheni na matumizi ya nchi yanafika kileleni, sola imekwisha lala. Lakini maleleji ya kila siku ni mepesi kuliko ya kila mwaka, kwa sababu unajua yatakwisha kesho asubuhi. Na hapa ndipo mto na jua vinapopatana. Mchana, sola ikiwa kazini, milango ya bwawa inaweza kubanwa maji yabaki, jioni yakafunguliwa. Bwawa la Rufiji likitumiwa hivyo ndilo betri kubwa kuliko zote nchini, na kila uniti ya jua huwa imeokoa lita za maji kwa ajili ya Novemba. Tayari mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufika megawati 150. Kwa visiwa na vitongoji ambavyo nguzo za gridi hazifiki, sola na betri ndogo hazingoji mradi wa taifa.

Hata hivyo nishati jadidifu inayotumika kuliko zote Kilwa, na Tanzania nzima, haimo katika mashindano haya. Ni kuni na mkaa. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kivuko cha Ndundu ikaisha, na malori ya mbao na mkaa yakapata njia ya wazi kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Megawati za Rufiji hazitausaidia msitu wa Kilwa mpaka siku ambayo mama lishe ataona kupikia umeme ni rahisi kuliko kununua debe la mkaa.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa pwani ya Kilwa na Lindi, jua ndilo lenye kesho ndefu, likishikana na maji ya Rufiji. Upepo wa kusi uje nyuma yao kuziba miezi ya kiangazi. Jotoardhi ichunguzwe kwa subira. Bahari iachiwe kamba wake. Mbono kaburi urudi kwenye uzio na makaburini.

Lakini sola nayo inahitaji ardhi, na nguzo za upepo zinahitaji ardhi. Wageni watakuja tena na ramani, na safari hii hesabu zao zinaweza kuwa sahihi. Wakija kijijini kwako, waulize swali ambalo Mavuji na Migeregere walihitaji kuuliza mapema: mradi ukishindwa, ardhi inarudi kwa nani, na kwa siku ngapi? Wajibu kwa maandishi, kabla ya mkutano wa kijiji kunyoosha mikono.